Mgeni wa Chumba cha Komoni

Binti yangu alinipa muda mpaka mahindi yaishe kuvunwa. Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni, siku anarudi Morogoro kazini baada ya msiba wa mama yake. "Baba, nitakuja," alisema. "Nikikukuta bado unakula kiporo peke yako na kuongea na kuku, nafungasha nguo zako tunaondoka wote." Nilimjibu kwamba kuku wana adabu kuliko watu wengi niliowahi kuongea nao. Hakucheka. Ana uso wa mama yake, na uso ule ukishaamua jambo, hata upige magoti haugeuki.

Sikutaka kwenda Morogoro. Si kwamba ni kubaya, nimefika na nikatendewa mema. Lakini kule ningekuwa mzee wa kwenye kiti cha plastiki, wa kuletewa chai na kuulizwa kama amekunywa dawa. Hapa Ihanda nina kahawa yangu, nina nyumba niliyoijenga chumba kwa chumba kila nilipopata nafuu, na chini kule kahawa inapoishia amelala mke wangu. Nilijua nikishapanda lile basi, nitarudi nikiwa nimebebwa.

Shida ni kwamba binti yangu hakunisingizia. Kiporo nilikuwa nakula, na kuku nilikuwa naongea nao.

Marehemu alikuwa akipika komoni, pombe yetu hii ya mahindi na kimea cha ulezi, nzito, ya rangi ya udongo. Alipika Jumatano, watu wakanywa Jumamosi. Hakutangaza hata siku moja. Harufu ya kimea ikishapita juu ya migomba Jumatano mchana, mtaa mzima ulijua Jumamosi pa kwenda, na Jumamosi ikifika kila mtu alikuja na kikombe chake mwenyewe mkononi. Walijaa uani mpaka mbwa wetu akawa anahamia kwa jirani. Mimi nilinung'unika. Nilikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo pale mpakani Tunduma, wiki nzima nimezungukwa na madereva wanaogombania foleni, na mwisho wa wiki nilitaka kimya. Badala yake nilikuwa nakaa kwenye benchi langu mwenyewe nimebanwa katikati ya watu, fundi baiskeli ananisimulia goti lake. Goti lile nalijua kuliko langu. Marehemu alikuwa akipita na jagi, anainama sikioni kwangu, ananiambia, "Utakuja kuzitafuta hizi kelele." Halafu anaenda zake anacheka.

Alipofariki, watu wale wale walilala hapa. Wanawake walilala ndani, wamejipanga kwenye mikeka mpaka hakuna pa kukanyaga. Wanaume walilala uani kwenye turubai kuzunguka moto, fundi baiskeli miongoni mwao, goti lake limefungwa kitambaa. Hakuna aliyeondoka mpaka tulipomaliza matanga. Baadaye kila mmoja alirudi kwake, na uani kukawa kimya kama nilivyokuwa nikiomba miaka yote.

Hakuna aliyenikosea. Kwetu mtu haingii nyumba ya mfiwa ameshika kikombe. Ataonekana anatafuta pombe kwenye nyumba ambayo mpishi wake amezikwa. Na bila kikombe, wangekuja kufanya nini? Mimi si mtu wa kuita watu, sikujua hata inavyoanza. Tukawa tunasalimiana barabarani, wao wanainamisha macho, mimi natembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Nilikuwa mpweke. Naliandika neno hilo sasa bila aibu, lakini wakati ule ungeniuliza ningekwambia nafurahia mapumziko.

Mahindi yalipoanza kukauka na baridi kushika, lori lilisimama barabarani mbele ya njia ya kwangu. Akashuka dereva mmoja Mzambia, mtu wa makamo, ambaye miaka mingi nilimshughulikia makaratasi yake pale mpakani. Kila alipokwama foleni, marehemu alimpelekea chai na viazi. Habari za msiba zilikuwa zimemfikia akiwa njiani mbali. Alinipa pole kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao, halafu akarudi kwenye lori na kushusha boksi.

"Mudala," aliniambia, yaani mzee, kwa Kiswahili chake cha barabarani, "mama alinipa chai. Mimi sina chai. Mimi nakupa hii, mukwai." Mukwai ni neno lao la heshima.

Ndani ya boksi kulikuwa na makopo ya kimea cha shayiri, kilichochemshwa mpaka kikawa kizito na cheusi kama asali ya porini. Kulikuwa na pakiti ya chachu, na mfuko wa vidonge vya kijani vinavyonuka malimao na nyasi. Alisema hivyo ni hopsi, ndivyo vinavyoipa bia uchungu wake. Shemeji yake huko Ndola alikuwa akipika bia nyumbani, na yeye alikuwa ameona jinsi inavyofanywa. Tulikaa kwenye ngazi, akanieleza hatua zote. Mwisho akanishika mkono.

"Hii si komoni, mudala. Hii ni laga. Laga inalala. Baridi, giza, inalala wiki nyingi. Ukiamsha mapema umeharibu."

"Inalala?"

"Inalala, mukwai. Unailaza."

Nilishika neno hilo. Karani wa mpakani husikia agizo mara moja na kulifuata lilivyo.

Kusema kweli sikuwa na kiu ya bia. Nilichokiona kwenye lile boksi kilikuwa kisingizio. Binti yangu akija, nitamwambia siwezi kuondoka, nina bia imelala, haiwezi kuachwa. Komoni nisingeweza kuigusa. Ile ilikuwa ya marehemu, na mkono wangu ndani ya kazi yake ungenitoa machozi kabla maji hayajachemka. Laga hakuwahi kuipika. Pale tulikuwa sawa, yeye na mimi, wote hatujui.

Niliwasha moto uani siku ya Jumatano. Sikuchagua siku, ndiyo niliyopata kuni kavu. Nilitumia sufuria kubwa ya marehemu kwa sababu sikuwa na nyingine. Nikachemsha maji, nikamimina kimea, nikakoroga kwa mwiko wake mrefu, nikatia hopsi na kuacha vitokote. Mvuke wake ulikuwa mtamu mwanzoni, halafu ukawa na ukali fulani unaopanda puani. Niliona vichwa viwili vitatu vikichungulia juu ya ua na kupotea. Sikutilia maanani.

Nikaipoza sufuria kwenye beseni la maji ya kisima, nikabadilisha maji mpaka mkono wangu ukafa ganzi. Nikamimina kwenye ndoo safi yenye mfuniko, nikatia chachu, nikatoboa mfuniko na kupitisha kampira ka dripu nilikonunua duka la dawa, ncha yake ikazama kwenye chupa ya maji. Hewa ya ndani itoke, ya nje isiingie, ndivyo dereva alivyosema. Ndoo nikaiweka kwenye chumba cha komoni. Ni kichumba cha nyuma kisichopata jua kabisa majira ya baridi, ambako marehemu aliweka vyungu vyake. Nikaivika magunia yaliyolowa maji, na juu ya magunia nikafunika kitenge cha marehemu, kile cha kijani alichokuwa akijifunga anapopika. Kilikuwa kimening'inia pale pale mlangoni alipokiacha. Nilijiambia nimekichukua kwa sababu kipo karibu.

Kesho yake kampira kalianza kulia ndani ya chupa. Kloku, kimya, kloku. Kama mtu anayemeza maji taratibu. Nilileta kiti nikakaa nakasikiliza, na chai yangu nikainywea humo.

Jumamosi, jua lilipoanza kulegea, nilikuwa naanua mahindi uani. Lango likasukumwa. Aliingia shoga wa marehemu, mjane wa nyumba ya pili, ambaye miaka yote ndiye aliyemsaidia kukoroga. Alikuwa amevaa vizuri na ameshika kikombe chake cha bati chenye ua jekundu. Nyuma yake fundi baiskeli na chake. Nyuma ya fundi, watu wengine, na wengine bado wanakuja kwenye kijia. Walinisalimia kwa heshima zote, wakaenda moja kwa moja kuyavuta yale mabenchi kutoka chini ya ghala, wakayafuta vumbi, wakakaa.

Nilibaki nimesimama na hindi mkononi. Ilinichukua muda kuelewa. Walisikia harufu ya kimea Jumatano. Wamehesabu kwa hesabu ya marehemu. Wameona nyumba imefungua mlango, nao wamekuja.

Na mimi sikuwa na tone. Nilichokuwa nacho ni ndoo ya maji matamu yaliyoanza tu kuchachuka. Nilijua kabisa maana ya kuwarudisha watu na vikombe vitupu kutoka nyumba inayonuka pombe. Ni kuwafukuza. Wasingerudi tena, na wangekuwa na haki. Nikawaza kuifungua ile ndoo, nigawe hivyo hivyo ilivyo. Miguu ikaanza kuelekea chumba cha nyuma.

"Shemeji," akaita shoga wa marehemu, "mbona unahangaika? Kapombe kenyewe kako wapi tukusaidie kubeba?"

"Hakajaiva," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto aliyevunja kitu.

Fundi baiskeli alinitazama. "Pombe gani inapikwa Jumatano na leo haijaiva?"

Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, nikichanganya dereva na shayiri na Ndola, na mwisho nikasema tu lile neno: hii ni laga, inatoka mbali, ni lazima ilale. Wiki nyingi. Nikasema samahani. Nikasubiri mabenchi yaanze kusogea.

Shoga wa marehemu aliinuka, akaenda mpaka chumba cha komoni, akasimama mlangoni. Alikiona kitenge. Najua alikiona, kwa sababu alikaa pale muda mrefu kuliko ndoo inavyohitaji kutazamwa. Halafu akarudi akaketi, akaweka kikombe chake magotini.

"Kumbe ni mgeni," aliwaambia wenzake. "Mgeni akitoka mbali analala kwanza. Nyie mlitaka tumwamshe?"

"Hapana," akasema fundi baiskeli. "Hata sisi tulilala hapa."

Nikaenda jikoni nikabandika chai kwenye sufuria kubwa kwa sababu ndogo isingetosha. Walikunywa chai kwenye vikombe vya komoni, wakapiga soga mpaka giza likaingia, wakaniuliza kahawa yangu itachumwa lini. Fundi alinieleza goti. Nililisikiliza lote, tangu mwanzo, na nikauliza maswali. Kama ungenitazama usoni ungedhani nasikiliza habari za mirathi yangu.

Tangu siku hiyo bia ikawa mgeni. Mtu akipita barabarani ananipigia kelele, "Mgeni ameamka?" nami najibu, "Bado amelala." Wanawake wakitoka kisimani walipitia kumwagia maji magunia bila kuniuliza. Nikirudi shambani nakuta yamelowa, na pembeni kuna bakuli la maharage limefunikwa sahani. Chachu ya laga ina tabia moja ambayo dereva hakunitajia: katikati ya kazi yake inatoa harufu ya yai viza. Shoga wa marehemu aliingia siku hiyo, akatoka ameziba pua na kanga, akaniambia, "Shemeji, mgeni wako amechafua hewa." Tulicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu msiba. Na kila Jumamosi walikuja, na vikombe vyao, kumjulia hali mgeni. Wao walileta mahindi ya kuchoma, mimi nikatoa chai.

Kampira kaliponyamaza, niliitia bia kwenye chupa za soda za plastiki, na kijiko kidogo cha sukari kila moja, nikazifunga vizuri. Halafu nikafuata agizo. Dereva alisema unailaza, basi nikailaza. Nilitandaza mchanga mbichi sakafuni mwa chumba cha komoni, nikazilaza chupa zote ubavu, moja baada ya nyingine, zimepangana. Nikazifunika magunia mabichi, na juu yake kitenge. Nilijivunia sana. Sikujua kwamba kulala kwa laga ni kukaa tu mahali pa baridi, na kwamba popote inapopikwa chupa hulala zikiwa zimesimama.

Yaliyotokea Morogoro niliyapata baadaye. Binti yangu hakuniamini kwenye simu nilipomwambia sili kiporo siku hizi. Akampigia mama yake mdogo, yaani shoga wa marehemu, amuulize ukweli. Mwanamke yule, bila nia mbaya, akamwambia baba hajambo kabisa, anacheka, anapika chai nyingi, ila kutoka nje ya mtaa ndiyo hataki kwa sababu ya mgeni wake. Mgeni gani? Mgeni aliyeko chumba cha nyuma. Wanamfunika vizuri, baba anakaa naye asubuhi na jioni. Na simu ikakatika, maana mtandao wetu unakwenda na upepo.

Nilimwona akishuka kwenye pikipiki Jumamosi moja asubuhi, bila taarifa, kabla hata mahindi hayajaisha shambani. Begani alikuwa na begi kubwa la safari, limelegea, halina kitu ndani. Nilielewa lile begi ni la nini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umesafiri salama?"

"Salama. Mgeni yuko wapi?"

Nilishangaa habari zimefikaje huko. "Yuko ndani, amelala."

"Saa nne hii?"

"Huyo analala mchana na usiku."

Alivuta pumzi. "Baba, hata mwaka haujaisha," alisema, akanipita, akaingia ndani. Nikamfuata. Mlango wa chumba cha komoni ulikuwa umerudishwa. Aliusukuma, na katika lile giza akaona mtu amelala sakafuni, mrefu, ametulia, amefunikwa kitenge cha mama yake mpaka kichwani.

Alishika fremu ya mlango. Nikamwona akikusanya maneno yake yote, heshima na hasira pamoja. "Mama," akasema, kwa ukali lakini kwa adabu, "samahani, naomba uamke tuzungumze."

Mgeni hakuamka. Binti yangu akainama, akashika upindo wa kitenge, akavuta. Akavuta na gunia. Akaziona chupa za soda zimelala kwenye mchanga.

Aliachia gunia. Halafu akakaa chini pale pale, mgongo ukutani, na sauti iliyomtoka sikuweza kuijua kama ni kicheko au nini. Ilikuwa kicheko. Alicheka mpaka akashika ubavu, akaniambia alivyodhani, nami nikaona haya mpaka masikioni, kisha nikacheka kuliko yeye. Katikati ya kucheka alikivuta kitenge akakiweka usoni, na alipokitoa alikuwa analia.

"Kina harufu ya bia sasa," alisema.

"Mwanzoni kilikuwa na harufu ya komoni."

"Najua, baba."

Tulikaa mle, mimi kwenye kiti changu, yeye sakafuni. Baadaye akajifuta, akakikunja kitenge magotini. "Nimefurahi si mwanamke," alisema. "Lakini begi nimelileta, baba, na siwezi kukuacha ukae chumbani na chupa. Hii nayo si maisha. Jumatatu tunaondoka." Kile kisingizio nilichokuwa nimekitunza wiki zote kilikuwa kimelala mbele yetu kwenye mchanga, na nilikiona kilivyo kidogo. Nilimwambia apumzike, atakuwa amechoka na safari.

Mchana ulipokwisha lango likasukumwa.

Waliingia kama kawaida yao. Binti yangu alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi kuona kelele ni za nini. Aliwaona wakiyavuta mabenchi. Aliwaona wanaume wale wale waliolala kwenye turubai, na wanawake wa ile mikeka, kila mmoja na kikombe chake. Akapiga magoti akawaamkia mmoja mmoja. Fundi baiskeli alimuuliza kama Morogoro kuna dawa nzuri ya goti. Shoga wa marehemu akaniuliza, kama alivyoniuliza kila Jumamosi, "Mgeni ameamka?"

Nikamtazama binti yangu. "Amekuja mgeni mwingine," nikasema. "Ngoja tumwamshe yule wa kwanza."

Nilileta chupa. Zilifunguka kwa mlio mzuri, watu wakaguna. Lakini kwa kulala kule ubavu, machicha ya chachu yalikuwa yamejipanga chupa nzima, na kila nilipoinamisha yalichanganyika. Bia ilitoka na ukungu, rangi ya maji ya mto baada ya mvua. Binti yangu aliangalia akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, bia huwa inasimamishwa." Nikamwambia dereva alisema ilale. Akauma mdomo asicheke mbele za watu. Fundi baiskeli naye akainua kikombe kwenye mwanga, akaona ule ukungu, na uso wake ukafunguka. "Aa, ina nyama," alisema. "Nilidhani utatupa ile nyembamba ya dukani."

Hakuna aliyekunywa. Nilidhani wananisubiri niseme neno. Kumbe ni desturi niliyoiona maisha yangu yote bila kuitazama: pombe ya nyumba huonjwa kwanza na mwanamke wa nyumba hiyo, mbele ya watu, ndipo wengine wanakunywa. Marehemu alikuwa akionja, anafuta mdomo kwa upindo wa kitenge, anasema, "Karibuni." Shoga wa marehemu alikuwa na haki ya kuonja, kwa miaka aliyokoroga, lakini aliushika tu ule ua mwekundu wa kikombe chake, akawa anatazama chini.

Binti yangu aliweka mwiko. Alijifunga kitenge kile kibichi kiunoni, akachukua kikombe kutoka mkononi mwangu, akanywa funda moja kubwa. Uchungu wa hopsi ulimkunja uso. Akafuta mdomo kwa upindo.

"Karibuni," alisema.

Ilikuwa nzuri, ile bia. Ilikuwa ya baridi, chungu kidogo, na mwishoni ilikuwa na kaladha ka mkate. Siwezi kudai ilikuwa laga kama za viwandani. Nilikunywa nikiwa nimebanwa kwenye benchi kati ya fundi na watu wengine, kelele zimejaa mpaka juu ya migomba, na nilishukuru. Nilimshukuru dereva aliyesimamisha lori kwa ajili ya chai ya zamani, nikawashukuru hawa waliohesabu siku vibaya. Nilimshukuru na yule aliyeniambia nitakuja kuzitafuta. Binti yangu alipita na jagi, akainama sikioni kwangu. Nilidhani atasema habari za Jumatatu. Alisema, "Baba, sogea kidogo, mzee apate nafasi ya goti."

Jumatatu aliondoka. Jumapili yote watu walikuwa wakipita kumuaga, na hakuna aliyekuja mikono mitupu, kwa hiyo lile begi lilijaa maharage, viazi, mahindi na kahawa, mpaka zipu ikagoma na fundi baiskeli akalifunga kwa mpira wa tairi. Ndiye aliyelipeleka kituoni kwenye baiskeli yake. Nguo zangu zilibaki kabatini.

Alipofika Morogoro alipiga simu. Hakuniuliza kama nimekula.

"Mgeni je?" aliuliza.

Nikamwambia mgeni ameondoka, tumebaki wenyeji.